Kutu Haina na Siku ya Yenga

Nyuma ya mlango wa jiko letu kulikuwa na brashi ya waya iliyotundikwa msumarini. Meno yake yalikuwa yamelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo wa kiangazi, na mpini wake ulikuwa na madoa ya rangi nyekundu iliyokolea, ile inayotangulia kabla ya rangi ya kijivu. Ilikuwa ya nkambo, babu yetu. Miaka yake ya kazi aliimalizia katika kikosi cha kupaka rangi madaraja ya reli, akitoka Lubumbashi kwenda Likasi, Tenke hadi Bukama, usiku akilala katika behewa la wafanyakazi. Sisi watoto tulisema nkambo ni mpaka rangi, naye hakupenda tuseme hivyo. Kupaka, alituambia, ni kazi ya siku ya mwisho. Siku zote zinazotangulia ni za kukwangua.

"Kutu haina na siku ya yenga," yaani haina Jumapili ya kupumzika, alikuwa akisema, hasa tulipomkuta Jumapili asubuhi ameketi uani akiitazama mikono yake. Nilikuwa mdogo, nikadhani anaongelea uchovu. Alikuwa anaongelea hesabu: chuma kinaliwa kila siku, na asiyehesabu siku hizo atazilipa zote kwa mpigo.

Brashi hiyo imenirudia akilini kwa sababu ya daraja la mji ulio mbali nasi kabisa. Mji huo ni Winnipeg, nchini Kanada, na daraja ni la Arlington. Ni daraja la chuma la mwaka 1912 lililopita juu ya uwanja mkubwa wa reli katikati ya mji, mahali ambapo mabehewa hupangwa na kupangwa upya njia kwa njia, njia nyingi zikiwa zimelala sambamba kama nyuzi za kitanda. Kwa zaidi ya miaka 110 watu walivuka pale kwa miguu, kwa farasi, kwa baiskeli, kwa magari. Novemba 2023 wakaguzi wa mji walikuta kutu imefika pabaya, na daraja likafungwa. Baadaye ikaelezwa kwamba halitarudishiwa magari tena. Sasa watu wa pande zile mbili huzunguka kwa njia nyingine, na mazungumzo yaliyobaki ni ya kulibomoa.

Msomaji wa Lubumbashi anaweza kuuliza inatuhusu nini. Naona inatuhusu kwa karibu sana. Miji hii miwili ni ya rika moja la chuma, na kosa lililoliua daraja lao ndilo tunalojiandaa kulifanya sisi, tena wakati ambao kila anayekuja Katanga anatuahidi reli.

Nianze na umri. Reli ilifika hapa Septemba 1910, mji ukiwa bado ni vichuguu, hema na barabara zilizochorwa kwenye karatasi, ukiitwa Élisabethville. Haikutoka Kinshasa wala baharini upande wa magharibi. Ilitoka kusini, kutoka Rasi, yaani Cape Town, ikapita Bulawayo, ikafika mpakani Sakania mwaka 1909, ndipo ikaingia kwetu. Ndiyo maana upana wa reli zetu ni milimita 1,067, kipimo cha Afrika ya Kusini. Mwaka uliofuata tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière likatoa shaba ya kwanza, na shaba hiyo ikashuka kwa njia ile ile hadi bandari ya Beira. Ili njia hiyo iwepo ilibidi kwanza korongo la Zambezi livukwe, pale Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria, na daraja lililolivuka lilikamilika mwaka 1905. Vipande vyake vilitengenezwa Darlington, Uingereza, na kampuni ya Cleveland, vikapakiwa melini hadi Beira, vikapanda treni, vikaunganishwa juu ya maji yanayonguruma. Kila kipande kilikuwa kimepimwa kabla hakijaondoka kiwandani, kwa sababu kule korongoni hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Chuma cha daraja la Winnipeg nacho kilitoka Uingereza, miaka saba tu baadaye. Zilikuwa siku ambazo viwanda vya Waingereza vilikuwa vikiuza madaraja duniani kama mtu auzavyo milango na madirisha: unaleta vipimo, unaletewa daraja ndani ya masanduku. Ribiti, ile misumari minene inayofunga mabamba ya chuma, zilipashwa moto hadi zikawa nyekundu, mmoja akazirusha kwa koleo, mwingine akazidaka kwa ndoo, wa tatu akazigonga kabla hazijapoa. Zikipoa zilisinyaa, na kule kusinyaa ndiko kulikobana mabamba pamoja. Chuma kilifungwa kwa ubaridi wake chenyewe. Nkambo alikuwa akigonga kichwa cha ribiti kwa nyundo ndogo na kusikiliza: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza.

Lakini Winnipeg hawalikumbuki daraja lao kwa ribiti. Wanalikumbuka kwa hekaya. Husimuliwa kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya kuvuka mto Naili, kule Misri au Sudani, mteja akalikataa, likakaa kiwandani likisubiri mnunuzi, na Winnipeg wakalipata kwa bei ya kutupa. Wanaochunguza historia ya mji ule huihesabu kuwa hekaya, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa reli angeitilia shaka bila kufungua karatasi. Daraja la juu ya njia za reli hupimwa kwa njia zenyewe. Nguzo zake lazima zisimame katika mapengo yaliyopo kati ya njia na njia, na urefu wa kila kiungo huamuliwa na mapengo hayo. Mto hauna masharti ya namna hiyo. Huwezi kuchukua suruali iliyoshonewa mtu mwingine ukategemea mapaja yatakaa sawa.

Hata hivyo hekaya hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wakijenga madaraja ya chuma juu ya Naili, likiwamo la Naili ya Buluu pale Khartoum. Ukisikia daraja limetoka Uingereza na kuna daraja jingine Naili, ulimi unaziunganisha safari mbili. Kinachonisumbua ni kwamba simulizi hii ilimfaa kila mtu. Ilimfaa mwandishi wa gazeti, ilimfaa anayetembeza wageni, na iliufaa pia mji wenyewe, kwa sababu daraja lililookotwa kwa bahati halina mwenye deni. Ukisema lilikuja kwa sababu watu wa ng'ambo walikuwa wamefungiwa na reli na walihitaji njia ya kuvuka, hapo una deni, na deni hilo halijaisha hadi leo.

Maana Winnipeg ulikuwa mji uliokatwa. Reli ya Canadian Pacific ilifika pale mwaka 1881, uwanja wake wa mabehewa ukakua hadi ukahesabiwa kati ya mikubwa duniani, na kufikia 1911 mji ulikuwa wa tatu kwa ukubwa nchini Kanada. Kaskazini ya reli walijaa wageni: Waukraine, Wayahudi, Wapolandi, Wajerumani, watu wa viwandani na wa reli yenyewe. Upande wa pili zilikuwa benki, maduka makubwa, nyumba za wenye mji. Hapakuwa na sheria iliyokataza kuvuka. Ilitosha kuwe na njia nyingi za reli na mabehewa yanayosimama kwa saa nzima. Mwaka 1919, mji ule ulipoingia katika mgomo mkuu wa wafanyakazi, mstari wa reli ulikuwa mmoja wa mistari ambayo kila mtu aliijua bila kuonyeshwa.

Hapa Lubumbashi, sisi tulikatwa kwa sheria. Watawala walichora mji wa Wazungu kwa barabara zilizonyooka, kisha wakaihamishia kusini cité, yaani makazi ya Waafrika, mahali ambapo leo ni Kamalondo, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa mamia ya mita. Wakasema ni kwa ajili ya mbu na magonjwa. Usiku Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kuonekana upande wa Wazungu. Reli, karakana na kambi za wafanyakazi zikakaza mpangilio ule. Reli haikuwa ndiyo mwanzo wa ubaguzi, lakini ilikuwa ukuta usiohitaji kujengwa mara mbili: ilikuwapo tayari, ilikuwa na mlinzi, na ilikuwa na sababu nzuri ya kukukataza kupita. Katuba na Ruashi zilipokuja baada ya Vita vya Pili, zilizaliwa mbali zaidi. Wazee wetu waliita reli njanja, na mtu akikueleza anakokaa alikuambia kwanza yuko upande gani wa njanja, kabla hata ya kutaja mtaa.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Winnipeg waliinua barabara nzima juu ya njia za reli mwaka 1912, naona kitu kikubwa. Mji ulikiri kwa chuma kwamba watu wa kaskazini ni wa mji huo huo. Ukiri wenyewe haukuwa kamili, nalo daraja lilikuwa na kilema tangu kuzaliwa. Lilipanda kwa mwinuko mkali mno. Reli za tramu zilitandikwa juu yake, lakini tramu hazikuwahi kufanya safari za kila siku, kwa sababu waendeshaji waliuogopa mteremko ule, na barafu ya nchi ile si ya kuchezewa. Yaani yule aliyehitaji usafiri wa bei ya chini, ambaye ndiye daraja lilijengwa kwa jina lake, alivuka kwa miguu yake, kwenye upepo wa nyuzi 30 chini ya sifuri. Kilema hicho hakikuwahi kupona katika miaka yote 110.

Sasa nizungumze kutu yenyewe, maana hapo ndipo hukumu yangu ilipo.

Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, hilo kila mwenye bati la nyumba analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kutu hutaka nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza kati ya mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti, huvimba humo ndani, huyasukuma mabamba yaachane, na mwisho huvunja ribiti. Kwa nje daraja linaweza kuonekana lina madoa tu, kumbe ndani limeshaanza kujifungua. Daraja la juu ya reli lina mateso mawili zaidi. La kwanza hutoka chini: kwa miongo mingi vichwa vya treni vya moshi vilipita vikipuliza masizi na salfa kwenye tumbo la daraja, na salfa ikikutana na unyevu huwa tindikali. Kwetu moshi huo ulitokana na makaa ya mawe ya Wankie, na baadaye ya Luena. La pili hutoka juu: katika nchi za baridi humwagwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji ya chumvi hupenya kila mwanya. Sisi hatuna chumvi hiyo, lakini tulikuwa na moshi wa tanuru la shaba. Aliyefika Penga Penga ameona ardhi ilivyobaki uchi, na kilichoua majani hakikubagua chuma.

Kisha kuna joto. Chuma hutanuka kwa kiasi kidogo ambacho ni rahisi kukidharau: kila mita mia moja, kwa kila nyuzi kumi za joto, zaidi kidogo ya sentimita moja. Winnipeg, kutoka baridi ya Januari hadi jua la Julai, tofauti inafika nyuzi 65 au 70, kwa hiyo daraja la mita mia moja hurefuka na kufupika kwa karibu sentimita nane. Hata hapa kwetu, usiku wa Juni mtu anatafuta blanketi na mchana bamba la chuma juani halishikiki, hivyo chuma kinatembea. Ndiyo maana madaraja huwekewa magurudumu au vibao vya kuteleza chini ya miguu yake. Magurudumu hayo yakishikwa na kutu, daraja hubaki linataka kutembea nalo limefungwa miguu. Hapo hujipasua lenyewe taratibu. Grisi kidogo kwa wakati wake ingetosha.

Yote haya yanatibika kwa kazi ya kawaida: mtu mwenye brashi, mwenye nyundo, mwenye kopo la rangi na la grisi, anayerudi tena baada ya miaka michache. Daraja la Mosi-oa-Tunya linathibitisha. Ni la zamani kuliko la Arlington, linarushiwa mvuke wa maporomoko usiku na mchana, lilibadilishiwa sakafu mwaka 1930 ili magari yapite kando ya treni, na bado linabeba. Ubora wa chuma si jibu la kutosha. Nadhani jibu ni kwamba treni yenyewe inapita juu yake. Daraja lile likianguka, shaba haiendi. Daraja la Arlington lilikuwa la watu tu. Likifungwa, treni zinaendelea kupita chini yake kama kawaida, na mwenye reli hapotezi hata behewa moja.

Hilo ndilo jambo langu. Kivuko cha watu juu au chini ya reli ni mtoto wa ndugu wawili, na kila ndugu anasema chakula chake kiko kwa mwenzake. Mwenye reli anasema barabara ni ya mji. Mji unasema reli ni ya mwenye reli. Katika pengo hilo brashi ya waya haina mkono wa kuishika. Winnipeg walijua miaka mingi kabla kwamba daraja linakwisha: malori mazito yakakatazwa, michoro ya daraja jipya ikatengenezwa, bei ikapanda hadi mamia ya mamilioni ya dola, mpango ukarudi kabatini. Ulikuwapo hata mjadala wa miongo wa kuuhamishia uwanja wa reli nje ya mji, na kila mjadala huo ulipofufuka, ukarabati ulipata sababu ya kungoja. Kwa nini upake rangi daraja ambalo kesho halitahitajika? Kesho hiyo ndiyo iliyolimaliza.

Nirudi nyumbani, kwenye Tunnel.

Kila mtu wa Lubumbashi anajua Tunnel. Mgeni akiambiwa "shuka pale Tunnel" hutafuta mlima, maana neno lenyewe ni la kitu kinachopenya chini ya ardhi. Hakuna mlima. Ni daraja la reli: treni juu, barabara chini, na sisi tumelipa jina kwa jinsi tunavyolijua, yaani kutoka chini, gizani, tukisikia uzito ukipita juu ya vichwa vyetu. Winnipeg walimwinua mtu juu ya treni. Sisi tuliinua treni juu ya mtu. Sitaki kulifanya hilo kuwa shairi, ila linaonyesha ni nani aliyepimiwa kwanza.

Mahali pale pana historia ambayo watoto wa shule wanapita chini yake bila kuambiwa. Katanga ilipojitenga na Kongo, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, aliyeshika Tunnel alikuwa ameshika mlango wa mji. Desemba 1961 jandarme, askari wa Katanga, walijipanga pale, wengine juu kwenye njia ya reli, na tarehe 16 ya mwezi huo askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walikishambulia kituo hicho alfajiri katika mvua kubwa, wakakichukua. Watu walikufa pande zote. Mwaka mmoja baadaye, vita vilipokaribia mwisho, daraja za mto Lufira zililipuliwa, na askari wa India wakavuka juu ya mabaki ya daraja la reli kwenda Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Katika vita, hakuna anayeuliza daraja ni la nani. Kila jemadari anajua thamani yake hadi kwenye ribiti. Amani ikirudi, thamani hiyo inasahaulika.

Mwezi uliopita nilisimama pale chini saa kumi na moja jioni, mvua ikiwa imetoka kukatika. Nilikuwa nimeenda kuangalia tu, kama nkambo alivyotufundisha: anza na mahali maji yanapotokea, si mahali rangi ilipobanduka. Maji yalikuwa yanashuka ukutani kwa mistari ya rangi ya chai. Pikipiki za manseba zilipita zikipiga honi mfululizo, mama mmoja mwenye beseni la sombe kichwani alijibanza pembeni kupisha lori, na juu yetu kulikuwa kimya. Sikusikia treni hata moja kwa muda wote niliokaa.

Kimya hicho ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu hakitadumu. Kwa miaka mingi reli yetu ilikonda: vita, mabehewa mabovu, wafanyakazi waliokaa miezi bila mshahara. Shaba na kobalti zikapanda malori, foleni ya mpakani Kasumbalesa ikawa ndefu kuliko treni yoyote. Treni zilipopungua, watu walifanya jambo la busara kabisa: waligeuza njia ya reli kuwa njia yao. Wanapita juu ya mataruma kwenda sokoni, watoto wanakatisha kokoto kwenda shule, wauzaji wanatandaza vitambaa vyao hadi karibu na chuma. Hakuna wa kumlaumu. Mtu hawezi kuzunguka kilomita mbili kila siku kwa heshima ya treni isiyokuja.

Sasa treni inarudi kuzungumzwa kwa lugha ya mabilioni. Upande wa Angola, reli ya Lobito ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi mwaka 2023 kwa mkataba wa miaka 30, na shirika la serikali ya Marekani likaahidi mkopo wa dola milioni 553 kwa ajili yake. Wachina nao wamejitokeza kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mipango hii yote inatutazama sisi, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, kwa sababu shaba iko kwetu. Nimefuatilia taarifa nyingi za mradi huo. Zinataja tani, bandari, siku za safari, vichwa vya treni. Sijasoma hata moja inayosema mama mwenye beseni atavukia wapi.

Kuna hoja ninayoisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na ina uzito. Wanasema: acha kwanza reli isimame, ipate fedha, halafu vivuko vitafuata, ukianza kudai madaraja ya waenda kwa miguu mapema utaukimbiza mwekezaji. Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa imebeba watu ilianguka Buyofwe, katika Lualaba, zaidi ya watu 60 wakafa. Reli inayoua namna hiyo, wanasema, inahitaji mataruma mapya kabla ya ngazi na vivuko. Nakubali kuhusu mataruma. Sikubali kuhusu "halafu". Treni inayokwenda kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea humpa mtoto muda wa kuondoka relini. Ukitengeneza njia na treni ikaongeza mwendo, umeiondoa ile salama pekee iliyokuwapo, na hukuweka nyingine. Kivuko ni sehemu ya reli kama breki zilivyo sehemu ya kichwa cha treni. Hakuna anayenunua kichwa cha treni akisema breki zitakuja mwaka wa tatu.

Hoja ya pili huisikia zaidi kwa vijana, nayo hunigusa kwa namna nyingine. Wanasema chuma hiki cha zamani ni cha Wabelgiji, kilijengwa kutubebea mali, kife na kutu yake. Ninaelewa hasira hiyo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi katika mji huu huu, na reli iliendelea kubeba shaba ya vita bila kuchelewa. Lakini kutoka siku ya kwanza mikono iliyotandika, iliyogonga, iliyokwangua na kupaka ilikuwa mikono ya watu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi, na wa hapa hapa. Ndio waliouzaa mji, na Kiswahili chetu kilikua katika kambi zao. Nikiliacha daraja liliwe, aliyelipia chuma kule Ulaya hapotezi chochote leo. Ninayempoteza ni nkambo.

Ninachotaka kiandikwe katika mikataba inayokuja ni kitu kidogo chenye namba. Kila mahali ambapo watu wanavuka reli ndani ya Lubumbashi pahesabiwe kwa miguu, asubuhi na jioni, masika na kiangazi, kabla mhandisi hajachora chochote. Pale penye njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa ndipo pajengwe kivuko, hata kama ramani ingependa mahali pengine, na mwinuko wake uwe wa mtu aliyebeba mzigo kichwani, wala si wa kijana asiye na kitu mikononi. Winnipeg ilijenga mwinuko usiofaa na watu wakaulipia kwa karne nzima. Kisha, kwa kila daraja, la zamani na jipya, liandikwe jina la anayelipia ukwanguaji, kiasi gani, na baada ya miaka mingapi. Fedha hizo zikatwe kwenye tani za shaba zinazopita, zikae katika mfuko ambao manispaa na mwenye reli hawawezi kuugusa bila sahihi ya mwenzake. Na ripoti ya ukaguzi ibandikwe ukutani pale Tunnel, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili manseba anayepita chini asome mwenyewe hali ya kilicho juu yake.

Juzi nilimwuliza shangazi brashi ya nkambo iko wapi. Alisema bado ipo, ameitumia kukwangulia masufuria ya bukari, meno yamebaki machache. Nimemwomba anitunzie. Kiangazi kikifika nitaipeleka Tunnel pamoja na mafundi wawili waliostaafu ambao walifanya kazi na nkambo, wakwangue kipande kidogo tu, upana wa kiganja, pale maji ya rangi ya chai yanapoanzia, tuone chuma kilichobaki kina unene gani.